Kubebesha jiwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tabano la bidoni

Goma ya maswali haya ni ileile mnayoijua: ziwa Kivu chini, volkano ya Nyiragongo juu, lava nyeusi katikati, na watu wenye bidoni (madumu ya maji) za manjano njiani tangu alfajiri. Tofauti ni moja tu, humu mawe yanasikia. Majibu ni kwa ajili ya mgeni aliyehamia juzi, binti anayeanza kuchota peke yake, na wale wakubwa wanaojifanya wanajua kumbe kila asubuhi wanaacha mawe ya wenzao yamelemewa pale ufukwe wa Kituku.

Kubebesha ni kufanya nini hasa?

Ni kuliachia jiwe nusu ya uzito wa maji yako kwa muda wa safari. Lita 20 za maji ni kilo 20. Ukibebesha, unaondoka na kilo 10, na kilo 10 zinabaki ufukweni ndani ya jiwe. Bidoni tupu, ile kilo yake moja hivi, unaibeba yote, kwa kuwa tabano, yaani maneno unayoliambia jiwe, linataja maji tu na jiwe halifanyi zaidi ya lilivyoambiwa.

Wanaofundisha haraka husema tabano "linaondoa" uzito, na hapo ndipo wanapowapoteza wanafunzi wao. Uzito unahama. Ukihisi wepesi, ujue kuna kitu mahali fulani kimelemewa badala yako, na kazi yako ya kwanza ni kujua ni kitu gani, kiko wapi na ni cha nani. Ajali karibu zote za kubebesha zinatoka kwa mtu aliyeruka hatua hiyo.

Maneno ni yapi?

Mkono wa kushoto juu ya jiwe, wa kulia kwenye mshikio, bidoni imegusana na jiwe:

*Uliyebebwa na moto, nibebee maji. Nusu yako, nusu yangu. Nikifika nitakuita.*

Nyanyua kabla hujavuta pumzi ya pili. Sauti iwe ya kawaida. Jiwe si kiziwi, na wanaopiga kelele ufukweni wanasumbua tu watu. Ukifika nyumbani, bidoni ikiwa bado mkononi, sema *Jiwe, nimefika, nipe changu*. Uzito unarudi kwa mpigo mmoja begani, ndipo utue.

Lazima iwe kwa Kiswahili?

Hapana. Kinande, Kihunde, Mashi, Kinyarwanda, Lingala, zote zinashika. Jiwe linaitika kwa lugha ambayo ungemwombea jirani chumvi. Kifaransa kinashika kwa waliokulia ndani yake. Kwa wengine, wenye kile cha ofisini, jiwe linakaa kimya.

Kwa nini nusu? Siwezi kuliachia lote?

Maji humiminika kwa kuwa ni mazito. Yakinyang'anywa uzito wote hayakubali kumwagwa: ukifungua kifuniko yanatoka yenyewe kwa mabonge, yanang'ang'ania mkono, yanapanda mpaka usoni, na mtu anaweza kukabwa na maji ya kikombe kimoja. Kuyapika nako ni taabu. Katika sufuria ya kawaida maji yaliyopata moto hupanda na ya baridi hushuka, yakizunguka hivyo mpaka yote yachemke. Yasiyo na uzito hayazunguki. Ya chini yanageuka mvuke na kuunguza sufuria, ya juu bado baridi. Bugali unaopikwa hivyo hata mbuzi anaukataa.

Wapo wanaoweza robo tatu. Kwa kawaida ni watu wanaoishi peke yao.

Jiwe gani linafaa?

Lava, na lava tu. Jiwe la mtoni na kipande cha saruji havijui unasema nini. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, ndiyo maana inapotoka hutiririka kwa kasi, na ikipoa inabaki imejaa matundu ya gesi. Uzito unakaa kwenye matundu hayo. Tafuta jiwe la kukumbatia kwa mikono miwili, lenye matundu madogo na mengi. Lenye mashimo makubwa machache linavutia macho tu.

Baada ya hapo kuna suala la umri, na hapa watu wa Goma hubishana mpaka chai inapoa.

Mawe ya 1977 yana haraka. Tarehe 10 Januari mwaka ule ziwa la lava la kileleni lilimwagika lote kwa chini ya saa moja, na mawe yake hayajapoteza tabia: yanachukua uzito kabla hujamaliza kusema, kisha yanaurudisha yanapotaka yenyewe, hata ukiwa katikati ya barabara. Mzoefu anaweza kuishi nayo. Anayeanza aachane nayo.

Mawe ya 2002 ndiyo bora, na sioni sababu ya kuficha upande wangu. Lava ya tarehe 17 Januari ilishuka ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikala maduka na nyumba, ikaishia ndani ya ziwa. Jiwe la mwaka huo linaijua njia nzima kutoka mlimani hadi majini, kwa hiyo ukilitaja maji halishangai. Tena yamejaa kila parsele (kiwanja). Kuta nyingi za mji zimejengwa nayo.

Mawe ya 2021 bado machanga. Lava ya tarehe 22 Mei ilisimama upande wa Buhene, kaskazini ya mji, haikufika ziwani. Mawe yake yanakubali kwa adabu, lakini hayajawahi kukutana na maji na yanakuachia njiani bila taarifa. Kuna ukatili fulani humo, maana lava hiyohiyo ndiyo iliyoharibu mitambo ya maji na kuwarudisha ziwani watu wengi waliokuwa wamezoea bomba.

Watu wa Sake watakuambia habari za mawe ya Nyamulagira, volkano jirani, ya mlipuko ulioanza 1938 ukaendelea mpaka 1940, lava ikaingia ziwani upande wao. Ni mazuri kweli, mapole, hayaangushi mtu. Ila yanajibu polepole. Mtu mwenye haraka ya kwenda masomo ataona yamekataa, kumbe yanafikiri.

Nitajuaje jiwe ni la mwaka gani?

Muulize mzee wa avenyu au fundi mwashi. Macho peke yake hayatoshi, ingawa jiwe lililopata vile vijimea vya kijivu, vinavyotangulia kuota kwenye lava kabla ya majani, si la juzi.

Jiwe langu limekuwa dhaifu. Nilitupe?

Usilitupe, limeshiba. Kila safari jiwe linakurudishia uzito wako, lakini chembe kidogo zinabaki kwenye matundu. Zikijaa, hakuna nafasi tena. Utaona jiwe linatoa jasho mchana wa jua kali, au limezama vidole viwili kwenye mchanga uliokuwa umeshikana, au bidoni haipungui kama ulivyozoea.

Dawa yake ni mvua. Mvua nzito ya usiku mmoja inalisafisha na kuyapeleka mabaki ziwani, na ziwa lenye kina cha karibu mita 480 halikosi nafasi. Ndiyo sababu malalamiko yanajaa kati ya Juni na Agosti. Kiangazi kikishika, mawe ya ufuo mzima yanashiba kwa pamoja, watu wanadhani tabano limelaaniwa, na wauza "mawe mapya" wanatajirika. Uwe na mawe mawili ya zamu na kiangazi kitapita. Kulimwagia jiwe maji ya ziwa hakusaidii kitu, hayo ndiyo yaliyolilemea.

Naweza kutua bidoni nipumzike njiani?

Ukitua chini tabano limekwisha. Pumzika ukiwa umeipakata, au uiegemeze ukutani bila mkono kuachia mshikio. Wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso wakae juu ya jiwe la barabarani na mzigo ukiwa umefungwa. Hilo wanalijua kuliko mimi.

Mtu akiondoa jiwe langu wakati niko njiani?

Uzito unakurudia papo hapo. Ukiwa sehemu tambarare utaguna tu; ukiwa unapanda ngazi za lava kuelekea Katoyi, unaweza kuanguka na bidoni kukuangukia.

Kwa hiyo adabu ya ufukweni si mapambo. Jiwe lenye alama ya chokaa lina mwenyewe. Usilikalie, usifulie juu yake, usiligeuze kuona chini kuna nini. Ukikuta limezama kidogo, maana yake mwenyewe yuko njiani na ulichokigusa ni shingo ya mtu. Mawe yasiyo na alama ni ya wote, lakini gusa kwanza kwa kidole: likiwa na baridi isiyo ya kawaida, liache. Na wewe unayechimba mawe ya kujengea, njoo jua linapozama, watu wakishafika kwao.

Nimefika, nikaweka bidoni mezani, nikasahau kuita. Sasa?

Kwa kuwa bidoni haijagusa ardhi, maji yaliyomo ndani yatabaki na nusu ya uzito mpaka utakapoita. Hayana sumu. Chai yake inapoa vibaya na watoto wanaona kuyamwaga ni mchezo. Tatizo liko kwenye jiwe, linalobaki limebeba. Ita jioni hiyohiyo ukiwa umeshika bidoni ileile, hata kama maji yamebaki kidogo. Kama yamekwisha kabisa, rudi ufukweni, weka mkono juu ya jiwe, sema *Nimechelewa, weka chini*. Litakubali, ila siku inayofuata linakupunguzia robo badala ya nusu.

Tabano linasafisha maji?

Halisafishi. Maji ya Kivu yaliyobebeshwa ni maji ya Kivu, na kipindupindu hakiangalii uzito wa bidoni. Pale wanapotia klorini kwenye vituo vya kuchotea, panga mstari, itiwe, kisha usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Klorini haisumbui tabano kabisa. Uvumi kwamba inalegeza jiwe umeletwa na watu wasiopenda kupanga mstari.

Nifiche jiwe langu kwenye shimo ili lisiibwe?

Mashimo ya Goma si ya kuingia ovyo. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyoonekana. Inajilaza kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa magharibi ya mji kuelekea Mugunga na Bulengo. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ndipo inapojaa, na alfajiri ndiyo saa ya kuchota. Mbwa, mbuzi na watoto wadogo wanatangulia kufa kwa sababu pua zao ziko chini. Mtu mzima aliyeinama kuchukua jiwe amepeleka pua yake palepale.

Ukiona nyasi zimekauka kwa duara, au ndege na panya wamelala ndani ya shimo, pita mbali. Mtu akianguka humo usiruke kumfuata, wengi wamekufa wawili wawili kwa namna hiyo. Piga kelele, tafuta kamba, avutwe kutoka juu.

Swali linalofuata huwa ni hili: kwa nini tusiibebeshe gesi yenyewe? Kwa hesabu wazo si la kijinga. Gesi hiyo ina uzito wa kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo nusu yake ingekuwa nyepesi kuliko hewa, ingepanda na kwenda zake. Lakini tabano linataka mzigo unaoshikika, na gesi haina mshikio. Wapo wanaotembea kartie kwa kartie (mtaa kwa mtaa) wakiuza "tabano la mazuku" kwenye karatasi iliyokunjwa. Ni waongo, na uongo wao unaua.

Ninaendesha chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kutoka Kibumba. Nibebeshe viazi na kabichi?

Inawezekana. Jiwe unaliambia maji, na viazi kwa sehemu nne kati ya tano ni maji, kabichi karibu yote. Gunia la viazi la kilo 100 litakupunguzia kama 40. Wengi wamegundua hilo wakafurahi. Wasome hili kabla ya kuteremka.

Mzigo una mambo mawili ndani yake. Moja ni uzito, ule unaouvuta chini. La pili ni ubishi: kukataa kuanza kwenda ukiwa umesimama, na kukataa kusimama ukiwa umeshaanza. Jiwe linachukua uzito tu. Ubishi wote unabaki juu ya chukudu.

Sasa fikiria breki yako. Ni kipande cha tairi la zamani, unakikanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Gurudumu linaishika barabara kwa sababu mzigo unalikandamiza. Ukiutoa uzito nusu, umeutoa na mshiko nusu, lakini mzigo bado unataka kwenda kwa nguvu zake zote. Kwa mwendo uleule utahitaji umbali karibu mara mbili ili usimame. Na barabara ya kutoka Kibumba kuteremkia mjini haikupi umbali huo, ina wamotari (bodaboda), mbuzi, malori na wanafunzi.

Kwa hiyo: kupanda, bebesha utakavyo. Kuteremka, ita uzito wako wote urudi kabla ya kona ya kwanza. Wazee wa chukudu wanabeba mamia ya kilo bila tabano lolote na wanafika. Kijana anayewacheka kwa kuwa yeye ana jiwe, mngoje chini ya mteremko.

Kwa sababu hiyohiyo usikimbie na bidoni mkononi. Ni nyepesi kuinua, lakini ikiyumba ikakupiga gotini inapiga kwa kilo zake zote ishirini.

Nina mtoto mgongoni. Kuna hatari?

Mtoto mchanga ni maji kwa kama robo tatu ya mwili wake, na jiwe halibagui. Ukitamka tabano huku amegusa mkono au bidoni, naye anapungua. Hadhuriki, wengi hucheka sana. Lakini maziwa yaliyo tumboni yanasahau kushuka, na shati lako ndilo litakaloshuhudia. Mpe dada yake amshike mpaka umalize kusema.

Watoto waanze na umri gani?

Watu wanataka nitaje miaka. Ninataja lita: mtoto abebeshe kile ambacho angeweza kukibeba bila tabano. Kama bila tabano ni bidoni ya lita 5, na kwa tabano ni ya lita 5.

Najua mzazi anavyofikiri. Lita 10 zikibebeshwa ni kilo 5, kwa nini asichukue za 10? Kwa sababu ya ule ubishi ulioelezwa kwa watu wa chukudu. Shingo ya mtoto inapata kilo 5 akitembea sawasawa, na inapata 10 kila anapoteleza, anapogeuka ghafla, anaposukumwa na mwenzake. Watoto huteleza, hugeuka na husukumana. Na jiwe likihamishwa nyuma yake, zote 10 zinamrudia akiwa peke yake barabarani. Tabano hili limewapunguzia mama wengi maumivu ya mgongo. Palipoharibika ni pale lilipotumiwa kuwaongezea watoto mzigo.

Je, mtu anaweza kubebeshwa badala ya jiwe?

Anaweza, na huo ni uchawi, hauna jina lingine. Wanabadilisha mstari wa kwanza. Jiwe limewahi kubebwa na moto. Kila mtu naye amewahi kubebwa na mtu, na wanamshikia hapo. Maneno yenyewe siyaandiki.

Anayebebeshwa huwa amelala, mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyohiyo au yaya aliyeletwa kutoka kijijini. Anaamka amechoka, shingo inamuuma, nyayo zina uvimbe, na jana yake hakwenda popote. Lakini tuelewane. Watoto wengi wanaoamka wamechoka wana malaria, minyoo au upungufu wa damu. Peleka kwanza kituo cha afya, wapime. Kama vipimo ni safi, usimnyooshee kidole bibi wa jirani kwa sababu ana macho mekundu. Moshi wa makaa wa miaka mingi unamfanya mtu yeyote awe na macho mekundu. Angalia nani anarudi kutoka ziwani na bidoni mbili akipiga mluzi huku jiwe lake pale Kituku ni kavu, limefunikwa vumbi. Kisha ita wakubwa wa familia, mchana, mbele ya watu.

Tiba ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mlaze mtoto sehemu nyingine bila mchukuaji kujua. Tabano linakosa pa kushika na uzito unamrudia mwenyewe.

Tabano la jiwe nalo si uchawi?

Si uchawi. Jiwe halikuumwa shingo.

Mama mmoja sokoni amenunua maziwa yangu kwa kilo na nina shaka.

Mizani haioni tofauti kati ya wepesi wa kweli na wa kuazima. Uza kwa lita au kwa kopo, ujazo haudanganyiki. Wauzaji wakubwa pale soko la Virunga hutua mzigo chini kwanza, mbele yao, ndipo wapime: ukigusa ardhi tabano limekatika. Fanya hivyo hivyo. Mnunuzi akikuambia mzigo "hautuliwi chini kwa sababu ya vumbi", aksanti mama, pita kwa mwingine.

Kwenye baa ni kinyume, kreti za bia zinabebeshwa na hakuna anayelalamika, maana bia inauzwa kwa chupa.

Ukuta wa nyumba tuliyopanga Himbi unapasuka bila tetemeko. Unahusiana?

Inawezekana sana. Wajenzi wasio makini huchukua mawe ya ufukweni yakiwa bado yamebeba, wanayaweka ukutani, na mwenye uzito hapati tena pa kuita. Mawe kumi ya namna hiyo ni kilo 100 ambazo fundi hakuzipigia hesabu, zimekaa mahali pasipopangwa. Ufa wake unaanzia kwenye jiwe moja na kushuka wima. Wa tetemeko hukata kwa mshazari kutoka pembe za milango na madirisha.

Mwashi mzuri hugonga kila jiwe na kusema *Weka chini* kabla ya kulipaka saruji. Kazi hiyo inamchukua siku nzima kwa nyumba ndogo, na ndiyo siku ambayo wenye nyumba hawapendi kuilipia. Kwa ukuta uliokwisha kujengwa, tafuta jiwe lenye baridi, weka kiganja, sema hivyo hivyo. Uwe na mtu pembeni. Uzito unaoachiliwa unatafuta mwenyewe, na asipopatikana unaangukia mguu ulio karibu.

Ardhi ikitikisika wakati watu wako njiani?

Mawe yote yanaachia kwa pamoja. Ndiyo maana siku mlima unaponguruma tunabeba bila tabano.

Tabano haliwanyimi kazi wale vijana wanaosukuma maji kwa baiskeli?

Wao ndio watumiaji wakubwa. Anayepakia bidoni sita ana mawe sita, na anayaita kwa zamu akifika, kila moja kwa mteja wake. Wanaolalamika ni wenye malori ya maji.

Ninahamia Bukavu. Nibebe jiwe?

Beba. Bukavu kumekaa juu ya milima ya udongo mwekundu, na mvua ikizidi udongo unateleza na nyumba zilizo juu yake. Kuongeza uzito kwenye mteremko wa namna hiyo ni kuuomba uondoke. Safiri na jiwe lako la 2002 kwenye meli, litaitambua njia kwa kuwa ni ziwa hilohilo, kisha uliweke mahali tambarare karibu na maji, kamwe si nyuma ya nyumba upande wa juu. Nikiwaambia watu wa Kadutu hivyo wananijibu kwamba kwao tambarare ni hadithi. Basi wawaombe nafasi ndugu zao wa chini.

Lubumbashi je? Hakuna volkano.

Hakuna, lakini moto upo. Ule mlima mweusi karibu na bomba refu la moshi ni mabaki ya kuyeyusha shaba, kazi iliyoanza 1911, na kila punje yake imepita motoni. Maneno yanashika. Ila mabaki hayo yameshikamana, hayana matundu mengi, kwa hiyo yanachukua robo badala ya nusu. Tena yana metali ndani yake: jiwe la pale usiliweke kisimani wala liguse mdomo wa bidoni, lifunge kwenye kitambaa na uoshe mikono ukishaligusa.

Wanaojua zaidi wanatumia tofali la kichuguu. Vichuguu vya Katanga ni virefu kuliko mtu, udongo wake ni laini, unafinyangwa tofali na kuchomwa. Kichuguu kibichi hakijibu, hakijaona moto. Tofali lililoiva vizuri, jekundu mpaka katikati, linachukua nusu ya bidoni ya lita 5 bila taabu, na manne yaliyopangwa pamoja yanatosha bidoni kubwa. Yagonge kwanza usikie yanavyolia. Lenye ufa linamwaga uzito kabla hujafika kona ya kwanza.